Moyo Mkubwa, Mdundo Uliokwenda Kombo



Katika lugha yetu kumwambia mtu ana moyo mkubwa ni kumsifu. Ndiyo maana daktari alipotueleza kwamba binti wa dada yetu ana moyo mkubwa, nyanya yake, aliyekuwa ameketi pembeni na tasbihi yake, aliitikia kwa furaha: naam, huyu ni mkarimu tangu utotoni. Daktari ilimbidi aeleze upya. Nyama ya moyo wa mtoto ilikuwa imenenepa kupita kiasi, na unene huo ndio uliokuwa ukiuvuruga mdundo wake.

Sisi tunaoandika haya ni khalati zake wawili na mjomba wake, wenyeji wa Mombasa. Tunaandika kwa ridhaa ya binti huyo, ambaye ameisoma kila sentensi kabla ya kuletwa hapa na kufuta mbili ambazo hakuzipenda. Jina lake hatulitaji. Tunaandika kwa sababu maradhi haya hayakai katika mwili wa mtu mmoja. Hukaa katika ukoo, na ukoo wetu, kama koo nyingi za pwani, umeoana na kuoana tena, hata mtu akitaka kuuchora mti wake hujikuta amechora wavu.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga baina ya mara 60 na 100 kwa dakika, yaani takriban mapigo 100,000 kwa siku. Kila pigo huanza kwa cheche ndogo ya umeme. Cheche hiyo huzaliwa katika chumba cha juu cha kulia, huenea katika vyumba viwili vya juu, hufika katikati ya moyo na kusubiri takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde ili damu ipate kushuka, kisha huteremka kwa njia yake maalumu hadi vyumba viwili vya chini, navyo hujikaza kwa pamoja. Cha kushoto ndicho chenye kazi nzito, kwa kuwa ndicho kinachosukuma damu mwili mzima. Ukuta wake kwa kawaida una unene wa takriban sentimita moja au pungufu. Ukifika milimita 15 au zaidi kwa mtu mzima, pasipo na presha wala vali mbovu ya kulaumiwa, madaktari hushuku maradhi ya kurithi ya misuli ya moyo. Kwa binti yetu, ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini ulikuwa na milimita 21.

Tulimwuliza daktari unene unahusiana vipi na mdundo. Jawabu lake la kwanza halikutuingia akilini, lakini mmoja wetu alipolilinganisha na sala ya Idi uwanjani, alisema mfano huo unatosha. Fikirini uwanja umejaa. Imamu anapiga takbira, lakini sauti yake haifiki mbali, kwa hiyo mubalighi huinyanyua, na saf baada ya saf huipokea. Maadamu saf zimenyooka na watu wamesimama bega kwa bega, maelfu huinama kwa pamoja. Sasa fikirini saf zimevurugika: huyu ameelekea huku, yule amempa mwenzake ubavu, na hapa na pale pana kijiukuta cha mawe kinachozuia sauti. Takbira itawafikia wengine mapema na wengine kwa kuchelewa. Kubwa zaidi ni kwamba sauti iliyozunguka kijiukuta yaweza kuwarudia watu wa mbele waliokwisha kuinuka, nao wakaidhania ni takbira mpya, wakainama tena, na walio nyuma yao wakawafuata. Uwanja mzima ukawa unainama na kuinuka kwa sauti inayojizungusha yenyewe, ilhali imamu amenyamaza.

Ndivyo ilivyo ndani ya moyo ulionenepa kwa maradhi haya. Chembe za misuli, ambazo kwa kawaida hulala sambamba, huwa zimepishana ovyo. Mishipa midogo ya damu haiongezeki kwa kadiri ya nyama, kwa hiyo baadhi ya nyama hukosa oksijeni, hufa na kuacha makovu, na kovu halipitishi umeme vizuri. Umeme ukikutana na kovu hulizunguka, na ukipata njia ya kuzunguka bila kikomo, moyo hupiga mara 180, 200 au zaidi kwa dakika. Kwa kasi hiyo chumba hakipati muda wa kujaa damu. Mtu huona kizunguzungu au huzirai. Na mzunguko huo ukivunjika ukawa mitetemo isiyo na mpango, moyo hutetemeka tu bila kusukuma chochote, na mauti hufuata kwa dakika chache asipopatikana wa kumwokoa.

Kuna mvurugiko wa pili, usio wa ghafla, nao ndio uliompata dada yetu mkubwa, mama wa binti huyo. Ukuta mnene huwa pia mgumu, haulegei vizuri kupokea damu. Chumba cha juu cha kushoto hulazimika kusukuma kwa nguvu miaka nenda miaka rudi, hutanuka kama kiriba, na umeme wake hupoteza nidhamu. Mapigo yakawa hayana hesabu: mawili ya haraka, kimya, moja zito, matatu madogo. Huu ndio mpapatiko wa vyumba vya juu, na takriban mmoja katika kila watano wenye maradhi haya hupatwa nao katika maisha yake. Hauui papo hapo. Lakini damu inayozubaa katika chumba kinachopapatika huganda, na bonge dogo likipanda ubongoni ndicho kiharusi. Dada yetu alikuwa na umri wa miaka 49, na kwa miezi kadhaa alikuwa akisema moyo wake unaruka kamba. Leo anameza dawa ya kuzuia damu isigande na kupimwa damu mara kwa mara. (Kina mama wenye dawa ya namna hii huogopeshwa mchicha. Ukweli ni kwamba dawa ile ya zamani, warfarini, hailingani na mboga za majani zinazoliwa leo nyingi, kesho hakuna. Anayekula kiasi kilekile kila wiki hupangiwa kipimo kinachomfaa.)

Kabla ya haya yote alikuwapo kaka yetu. Mwaka 1998, baada ya sala ya alasiri, alikuwa akicheza mpira, kijana wa miaka 23, akaanguka pasipo kuguswa na mtu. Alizikwa usiku uleule baada ya isha. Hakufanyiwa uchunguzi wa maiti, wala hapakuwa na mtu wa kutuambia kwamba kifo cha kijana mzima uwanjani ni jambo lenye maswali. Tuliambiwa siku zake zilikuwa zimetimia, nasi tuliamini hivyo na twaamini hivyo hadi leo. Lakini kuamini kwamba siku zimetimia hakumkatazi mtu kuuliza mauti yaliingia kwa mlango gani, khasa ikiwa mlango huo u wazi kwa waliobaki.

Miaka mitano baadaye, tarehe 26 Juni 2003, tulikuwa mbele ya televisheni Kameruni ilipocheza na Kolombia mjini Lyon, Ufaransa, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Kipindi cha pili Marc-Vivien Foé, mwenye umri wa miaka 28, alianguka katikati ya uwanja hali hakuna aliyekuwa karibu naye. Hakuamka tena. Uchunguzi wa maiti ulionyesha maradhi ya kurithi ya kunenepa kwa misuli ya moyo. Mama yetu alitazama picha zile mara moja, akasema, "Kama wetu," akaondoka chumbani. Mwaka 1958 tayari mtaalamu mmoja wa uchunguzi wa maiti mjini London, Donald Teare, alikuwa ameandika juu ya mioyo ya vijana waliokufa ghafla na ambao kuta za mioyo yao zilikutwa zimenenepa upande mmoja. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliitambua kasoro ya kwanza ya kurithi inayosababisha maradhi haya. Elimu ilikuwapo duniani. Mtaani kwetu ilikuwa haijafika.

Binti wa dada yetu alizaliwa mwaka 2001. Alizirai mara ya kwanza mwaka 2017, akikimbia katika mashindano ya shule. Mara ya pili alizirai akipanda ngazi na ndoo ya maji. Zahanati moja ilisema ni kifafa, akameza dawa za kifafa kwa miezi minane. Majirani walisema ana wenyewe. Alisomewa, akanywa kombe, na hatulisemi hili kwa dharau, kwa kuwa kisomo kilimtuliza mtoto aliyekuwa ameanza kuogopa kulala. Lakini aliendelea kuzirai, na kila mara ilikuwa anapojitahidi kwa mwili, si anapokaa. Mwenye kifafa aghalabu huchukua muda kurejewa na fahamu zake sawasawa. Huyu akishalazwa chini alifumbua macho baada ya muda mchache na kuuliza kwa nini watu wamemzunguka.

Aliyelifumbua fumbo ni daktari kijana, mwaka 2018. Alimwambia achuchumae, kisha asimame, huku amemwekea chombo kifuani, akausikia mvumo wa damu ukiongezeka aliposimama. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: katika ukoo wenu, yuko mtu aliyekufa ghafla kabla ya kufika miaka 50? Tukamtaja kaka yetu. Pakawa kimya. Ndipo mama yetu akasema, pole pole, kwamba naye alikuwa na kaka. Sisi tangu utotoni tuliambiwa mjomba huyo alikufa maji. Mama akasema hapana, hakuzama. Alianguka ndani ya mashua akivuta nyavu, mbele ya wenzake, na bahari ilikuwa shwari. Waliorudi na maiti waliona ni vyepesi kusema bahari imemchukua.

Baada ya kipimo cha umeme wa moyo na picha ya mawimbi ya sauti, ile ambayo hospitalini wanaiita eko, tuliambiwa jambo la pili: jamaa wote wa karibu wapimwe. Mwenye kasoro hii humpa kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, uwezekano wa nusu kwa nusu. Huhesabiwa kwamba takriban mtu mmoja katika kila 500 ana maradhi haya, na wengi wao huishi umri mrefu bila kujua, jambo ambalo ni rehema na pia ni mtego. Dada yetu mkubwa alikutwa na milimita 16. Khalati wawili tulikutwa salama. Mjomba alikutwa na milimita 14, kiasi ambacho kwa mtu baki kingebishaniwa, lakini kwa mwenye jamaa wa karibu anayeugua huhesabiwa kuwa ni maradhi yenyewe. Mama yetu alikataa kupimwa. Alisema ameufikisha moyo wake miaka sabini na kitu bila ya mtu kuuchungulia.

Na aliyepimwa akatoka safi hajamaliza. Unene waweza kujitokeza baadaye, khasa katika miaka ya kubaleghe, kwa hiyo watoto hurudiwa kila mwaka mmoja au miwili, na watu wazima kila baada ya miaka michache. Hili ndilo lililotuchosha kuliko yote, kwani familia hupenda jawabu moja, ndiyo au la, ipate kulala.

Hapa tunataka kusimama kidogo kwa ajili ya wasomaji ambao ukoo wao hauna haya. Walio wengi katika pwani yetu wenye mioyo iliyonenepa hawakuirithi. Wameipata kwa presha. Moyo unaosukuma damu katika mishipa iliyokaza ni kama hamali anayebeba magunia kila siku: misuli yake huota. Tofauti ni kwamba mkono wa hamali hunenepa kwa nje, na ukuta wa moyo hula nafasi ya ndani, ukawa mgumu, ukaleta mpapatiko uleule uliompata dada yetu na kiharusi kilekile. Lakini unene wa presha una kheri moja ambayo wetu hauna. Presha ikidhibitiwa kwa dawa zinazomezwa kila siku, ukuta waweza kupungua tena. Mama anayemeza vidonge wiki hii kwa kuwa kichwa kinamuuma na kuviacha wiki ijayo kwa kuwa amepata nafuu anaukosesha moyo wake nafasi hiyo. Wala si kila moyo unaokwenda mbio ni mnene. Upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo, ujauzito, khofu na vikombe vitano vya kahawa tungu vyote huufanya moyo udunde. Kuhusu vijana wetu na muguka tutasema neno moja tu: majani yale huuharakisha moyo na kupandisha presha, na moyo wenye makovu hauhitaji wa kuuchokoza.

Turudi kwa binti yetu. Kwa kuwa alizirai, na kwa kuwa kaka yetu alikufa vile, madaktari walishauri apandikizwe kifaa cha kuushtua moyo. Cha kwanza cha aina hiyo kilipandikizwa kwa binadamu mjini Baltimore, Marekani, mwaka 1980. Siku hizi ni kidogo, chakaa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na waya wake hushuka hadi ndani ya moyo. Husikiliza kila pigo, mchana na usiku. Kikisikia mzunguko wa hatari huusimamisha kwa mshtuko wa umeme. Hakiponyi unene wala makovu. Ni mlinzi tu, na mlinzi huyu ni ghali: gharama yake ilikuwa mamia ya maelfu ya shilingi, na ilibidi twende Nairobi. Ukoo ulichanga. Nyanya yake alitoa bangili zake sita za dhahabu, zile alizokuwa amesema zitavaliwa na mjukuu siku ya kupambwa, akazihesabu juu ya kitambaa kisha akatuambia tusimshukuru.

Kifaa kilitiwa mwaka 2019. Kwa miaka mitatu hakikusema kitu, na wapo waliouliza, wengine mbele ya binti mwenyewe, kama ile dhahabu haikupotea bure. Mwaka 2022 alikuwa juu ya paa akianika nguo. Anasema alihisi kiza kinamshukia machoni, kisha kama ametiwa teke la punda, lakini teke lililotoka ndani. Alikaa chini baina ya shuka zilizolowa akamwita mama yake. Kliniki ilipokisoma kifaa, ilitutolea karatasi yenye mistari. Mapigo yalikuwa yakienda sawa, 96 kwa dakika. Kisha ghafla yakawa 214. Kisha alama ya mshtuko. Kisha 88. Baina ya mwanzo na mwisho zilikuwa sekunde 14. Mama yetu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, akauliza kama kaka yetu naye angekuwa na mistari kama hii. Daktari alisema yamkini.

Tangu siku ile kila mtu wa nyumba yetu mwenye umri zaidi ya miaka kumi na mbili amejifunza kubonyeza kifua: katikati ya kifua, kwa nguvu, kina cha takriban sentimita 5 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita hadi msaada ufike. Mafunzo hayo huchukua saa chache. Kaka yetu alipoanguka, watu walimmwagia maji na kumpepea, kwa mapenzi yao yote.

Ramadhani ilikuwa jambo jingine. Kwa binti yetu ukuta mnene huziba kwa kiasi njia ya damu inayotoka moyoni, na mwili ukipungukiwa na maji chumba husinyaa na kizuizi huzidi. Katika joto letu, kufunga kutwa bila ya maji kwake ni kuukaribisha mzirao. Daktari alimkataza, na sheikh tuliyemwuliza alisema palepale kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona ana rukhsa, na humlisha masikini kwa kila siku anayokula. Hukumu ilikuwa nyepesi. Kuishi nayo mtaani ni kuzito zaidi. Binti asiyeonekana mgonjwa, anayekunywa maji mchana wa Ramadhani, huzungukwa na macho. Miaka miwili ya mwanzo alikunywa maji yake jikoni, amesimama nyuma ya mlango. Mama yake, ambaye hana kizuizi hicho, hufunga kwa idhini ya daktari na kuzigawa dawa zake baina ya futari na daku. Kwa hiyo katika nyumba moja, kwa maradhi yaleyale, mmoja hufunga na mwingine hafungi, na mtu wa nje hana njia ya kujua kwa kutazama.

Mwaka jana ikaja posa. Mposaji ni mwalimu wa shule, kijana mtaratibu, mjukuu wa khalati yetu. Nyanya yake na mama yetu ni ndugu wa tumbo moja. Kila mtu alifurahi kwa siku mbili. Kisha ukaja ule mkutano wa chumba cha ndani ambao kila familia ya pwani inaujua. Wakubwa wetu walikuwa na msimamo mmoja: siri ya mtungi aijuaye kata. Binti ni mzima wa kutosha, anafanya kazi, anapika, anacheka. Wakiambiwa, posa itarudi, na ikirudi, itajulikana kwa nini, na baada ya hapo ni nani atakayebisha hodi? Pia wana dada zake wawili wadogo. Hoja hizi si za kipuuzi. Wanaozitoa wamewaona mabinti wakikaa nyumbani kwa neno moja la jirani.

Sisi watatu tulikuwa upande wa pili. Kwanza, kwa sababu ya dini: twajua sote kisa cha Fatima bint Qays, aliyemtaka shauri Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya wawili waliomposa, naye akamweleza aibu ya kila mmoja wao waziwazi. Ikiwa tabia ya mtu husemwa katika shauri la ndoa, seuze maradhi yanayoweza kuwafikia watoto? Pili, kwa sababu ya hesabu. Wanawake wengi wenye maradhi haya hubeba mimba na kujifungua salama wakiangaliwa na daktari wa moyo pamoja na wa uzazi. Mimba haikuwa kikwazo. Lakini mjomba wetu wa mashua alikuwa kaka wa mama yetu na pia kaka wa nyanya ya mposaji. Kama kijana naye angekuwa na kasoro ileile, mtoto wao mmoja kati ya wanne angeweza kuirithi kutoka pande zote mbili, na hapo maradhi huja mapema na kwa ukali. Hilo huwezi kulificha kwa mtungi.

Mwisho wa ubishi aliuleta mwenyewe. Alisikiliza kwa muda, kisha akaivuta kidogo mtandio wake, pale kifaa kinapoonekana kama kiberiti chini ya ngozi. "Khalati," akasema, "nitamwambia mume wangu hiki ni nini? Kwamba nimeumwa na nyuki?" Alitaka waambiwe kabla ya mahari kutajwa, na alitaka karatasi yenye mistari ipelekwe pia, wasije wakadhani tumepunguza.

Mama wa kijana, binti khalati yetu, aliipokea karatasi kwa adabu, akashukuru, akanyamaza wiki sita. Katika wiki hizo tuliyasikia yote tuliyotabiriwa. Dada yetu mkubwa hakulala, na moyo wake uliruka kamba hata wakamwongezea dawa. Binti alikwenda kazini kila siku. Siku ya arubaini na kitu binti khalati akaja peke yake, bila ya kutuma neno, akakaa kwenye mkeka akakataa chai. Hakutaja posa. Alisema amekuwa akihesabu. Yule aliyekufa katika mashua alikuwa mjomba wake pia. Na yeye anaye mtoto wa mwisho, wa miaka 15, ambaye mara mbili amelalamika kifua kinambana akicheza mpira, wakamwambia ni uvivu. Akauliza: kipimo hicho kinafanywa wapi?

Walipimwa wote. Mposaji alikutwa na milimita 10, mapigo yake sawa; atarudiwa baada ya miaka michache. Mdogo wake alikutwa na milimita 18.

Nikaha imepangwa kufungwa Mfungo Tatu, inshallah. Kijana wa miaka 15 amepewa dawa ya kuutuliza moyo, na amezuiwa mechi za kushindana mpaka daktari atakapoamua vinginevyo. Kutembea na kuogelea kidogo pamoja na mtu mzima ameruhusiwa. Viatu vyake vya mpira mama yake amevificha juu ya kabati, naye anajua vilipo. Kwa maoni yake sisi ndio tulioyaleta maradhi katika nyumba yao kwa karatasi yetu. Siku ya Idi alipita akampa mkono kila mtu kibarazani, akatuvuka sisi watatu. Ana kipimo kingine mwezi wa Novemba, na aliyekubaliwa kumpeleka, baada ya mabishano, ni mjomba mwenye milimita 14.